Kabla ya penseli, mpe mtoto maneno

Wazazi wenzangu leo naomba nilitoe hili maana limenikaa rohoni muda. Kwenye grupu letu la wazazi wa chekechea kila ikifika ijumaa zinamiminika picha za madaftari, mtoto wa huyu kaandika 1 mpaka 100, wa yule kajaza ukurasa mzima wa b, mwingine hajafika hata miaka minne kaandika a mpaka z mara tano, na chini hongera zinafuatana mpaka usiku. Mtoto akijitahidi apongezwe, hilo sina ugomvi nalo kabisa. Ila hao hao watoto ukikaa nao chini ukawauliza leo shule kulikuwaje wanakwambia "tumeandika". Mmeandika nini? "Namba". Basi, mazungumzo yameisha hapo. Mtoto ana miaka mitano lakini hawezi kukusimulia kuku aliingiaje darasani, nani alimfukuza, alitokea mlango upi na mwalimu alisema nini, na hicho kuku kuingia darasani kweli kilitokea, nilikisikia kwa mwalimu mwenyewe sio kwa watoto.

Nimefundisha awali na darasa la kwanza kabla sijakaa nyumbani kulea wanangu wawili hapa Tanga, kwahiyo nayaona haya mambo kutoka pande zote mbili, na ninachoamini ni hiki, kuandika kunaanzia mdomoni. Mtoto anaandika kile anachoweza kukisema. Kama hana la kusema basi penseli itamsaidia kunakili tu, atachora umbo la b vizuri kabisa lakini ukimwambia haya andika kitu chochote unachotaka wewe, anakuangalia. Wale walionifikia darasa la kwanza wakiwa na maneno mengi mdomoni, hata kama herufi walikuwa hawajui vizuri, walikuwa wanashika kusoma haraka maana wakishaunganisha sauti ka-nga neno lenyewe walikuwa wanalijua tayari, linawajia. Asiyelijua neno anaunganisha silabi zote sawasawa halafu anabaki anakuangalia usoni kama kapatia au kakosea, hana njia ya kujihakikishia mwenyewe.

Sasa maneno yanatoka wapi. Hayatoki kwenye bango la ukutani lenye picha ya a kwa apple na z kwa zebra. Yanatoka kwetu sisi tunavyoongea nao, na sisi wakubwa siku hizi tunaongea na watoto kwa maneno machache sana. Sikiliza nyumba yoyote jioni, "lete ile nanihii", "weka pale", "toa hiyo", "acha", "njoo", "hebu toka hapo". Mtoto anaelewa kwasababu unamuonyesha kwa kidole, analeta, lakini hajapata neno hata moja jipya.

Mchukue jikoni uone. Wali wa nazi na samaki wa mchana mmoja tu una maneno ambayo hakuna daftari litampa. Mchele unapepetwa kwenye ungo, unachambuliwa kutoa chuya na vijiwe. Nazi inapasuliwa, inakunwa kwenye mbuzi, tui linakamuliwa, linachujwa, yanabaki machicha. Sufuria inabandikwa, ikiwa tayari inaepuliwa. Mkaa unapepewa ushike. Samaki anaparuliwa magamba, anatolewa matumbo, anakamuliwa ndimu, anakaangwa. Wali ukikaribia kukauka unapaliwa makaa juu ya mfuniko. Mwisho unapakuliwa. Hebu angalia hapo, karibu kila kazi ina kitenzi chake, na mtoto akiwa amekaa pembeni kwenye kibao anayaona kwa macho, anasikia harufu, na neno linasemwa wakati ule ule kitu kinafanyika. Hivyo ndio neno linakaa. Neno likisikika mara moja tu kwenye mazungumzo mengine linapita, lakini neno "epua" likirudiwa kila siku na kila siku kuna sufuria linatoka motoni, mtoto hatalisahau. Na unachotakiwa kufanya ni kuongea tu huku unaendelea na kazi yako, "ngoja niepue sufuria kwanza ndio nije", badala ya "ngoja nitoe hii". Haiongezi muda hata kidogo.

Usiogope kwamba neno ni gumu. Kwa mtoto wa miaka mitatu hakuna neno gumu wala jepesi, yote ni mapya. Anasema daladala na televisheni atashindwa kusema kifumbu, kile cha kuchujia tui?

Kwa wastani neno la kwanza mtoto analitoa akiwa karibu na mwaka mmoja, akifika miwili ana kama hamsini au zaidi na anaanza kuunganisha mawili mawili, mama njoo, maji isha, halafu kuanzia hapo mpaka miaka mitano anakusanya maneno kwa kasi ambayo hatakuja kuipata tena ukubwani. Na muda wote huo anayoyaelewa ni mengi kuliko anayoyatamka, kwahiyo usingoje aweze kujibu ndio uanze kumuongelesha. Wa mgongoni naye anasikiliza.

Huku kwetu pwani tuna utajiri ambao naumia nikiona unapita pembeni ya watoto. Chukua nazi peke yake, kuna kidaka kile kichanga kinachodondoka chenyewe, halafu kitale, halafu dafu, halafu koroma, ndio inakuja nazi yenyewe. Wanangu bibi yao amewafundisha hayo akiwa amekaa chini ya mnazi anawaokotea kimoja kimoja wanashika, wanatikisa kusikia kama kuna maji ndani. Na ladha je, watoto wengi utasikia wana mbili tu, tamu na mbaya. Mpe embe bichi mwambie hii ni chachu, mpe ndizi ambayo haijaiva mwambie hiyo inayokaza ulimi inaitwa ukakasi, mpe shubiri tone moja ajue chungu. Maziwa yamechacha, nyama imevunda, mkate umeota ukungu, wali umeungua, hivi vyote ni "vimeharibika" lakini mtoto akijua tofauti zake ameshaanza kufikiri kwa makini kuhusu kitu anachokiona. Hata mvua, kuna manyunyu na kuna rasharasha. Mwilini ana kiwiko, kisigino, ugoko, kwapa, kope, nyusi, na hayo yanapatikana yote wakati wa kumuogesha.

Na ukiangalia lugha yetu ilivyo, neno moja linazaa mengine. Mtoto akishajua pika, muongezee kwa mazungumzo tu, nani amempikia babu, chakula kimepikwa na nani, haya maharage mbona hayapikiki leo, dada anampikisha mdogo wake, mpishi ni nani, mapishi gani haya. Hujafundisha sarufi hapo na wala hatakiwi kujua kwamba ni sarufi, ila masikio yake yanazoea, na siku akianza kusoma akikutana na "alimpikia" hataona kama ni dubwana jipya, atamuona pika yupo humo ndani.

Kuna suala la kusahihisha. Mtoto akisema "kiatu imepotea" watu wazima wengine wanacheka na wengine wanamkatisha, sema kimepotea, rudia, sema tena. Mtoto anayekatishwa kila sentensi anaishia kunyamaza. Wewe mjibu tu, "eeh, kiatu kimepotea? kipi, cha kulia au cha kushoto? ulikivulia wapi?" Hapo umemrudishia sentensi yake imenyooka, umempa na maneno ya ziada na mazungumzo yanaendelea. Baada ya muda anajirekebisha mwenyewe. Na maswali yetu tuyaangalie maana umekula, umeoga, umelala, haya majibu yake ni ndio na hapana tu. Muulize ilikuwaje, unafikiri kwanini paka kakimbia, ungekuwa wewe ungefanyaje. Halafu ukishauliza NYAMAZA. Mtoto anahitaji muda wa kutafuta maneno, wengi wetu tunauliza na kujibu wenyewe. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla hujaongeza neno, utashangaa anachokuja kukisema.

Na vitendawili jamani. Sijui tuliviacha wapi. Hakuna zoezi la maneno nilifanya darasani likashinda kitendawili, maana kinamlazimisha mtoto afikirie kitu kwa sifa zake bila kutaja jina lake. Nyumba yangu haina mlango. Kuku wangu katagia mibani. Nyumba yangu ina nguzo moja. Mtoto anayetafuta yai, nanasi na uyoga kichwani mwake anapita kwenye vitu vingi sana kabla hajafika, na akishindwa anatoa mji, kwahiyo hata kushindwa kuna raha yake. Halafu ukifika wakati anatunga vya kwake ndio utafurahi. Binti yangu juzi katega "kitu changu kina meno lakini hakili", mwenyewe alikuwa na maana ya chanuo, mdogo wake akajibu mbuzi ya nazi, wakabishana mpaka bibi yao akaamua wote wamepata. Hapo pana maneno, pana hoja, pana kusikilizana, na umeme ulikuwa umekatika, hakukuwa na kitabu wala taa.

Hapo hapo niseme na lugha za nyumbani. Huku kwetu kuna Wasambaa, Wadigo, Wazigua, Wabondei, na kuna wazazi wanamkataza bibi asimuongeleshe mjukuu kisambaa eti atachelewa kiswahili. Naomba tusifanye hivyo. Mtoto anaweza kubeba lugha mbili bila shida, na mtoto aliyesimuliwa hadithi nyingi kwa kisambaa anakuja shule anajua hadithi ina mwanzo na ina mwisho, anajua kusubiri kuona kitakachotokea, anajua kueleza. Kiswahili kinakaa juu ya hayo vizuri tu. Anayeongeleshwa kiswahili cha kubabaisha na mtu ambaye mwenyewe hakimtoki vizuri ndiye anayepunjwa.

Sasa tuje mikononi, maana najua wengi mlikuwa mnasubiri penseli.

Mkono wa mtoto mdogo sio mkono wa mtu mzima uliopunguzwa saizi. Vile vifupa vidogo vya kwenye kifundo cha mkono anazaliwa navyo vikiwa bado gegedu, vinakuwa mfupa kimoja kimoja miaka inavyokwenda, cha mwisho mpaka huko miaka tisa, kumi, wengine kumi na mbili. Kwahiyo unavyomuona wa miaka mitatu anashika penseli kwa ngumi nzima sio uzembe, ndio alipofikia. Karibu na miaka mitatu anaweza kuiga duara, minne anaiga msalaba, karibu na mitano anaanza kupatia mraba, pembetatu ndio inafuata. Angalia herufi zenyewe zimetengenezwa na nini, duara, mistari iliyosimama, ya kulala, ya kuinama. Mtoto ambaye hawezi kuchora mistari ya kuinama utamlazimishaje aandike k? Ataandika, kwa machozi, na atazoea kushika penseli vibaya mpaka ukubwani, na anaichukia kazi kabla hajajua ina faida gani.

Mazoezi ya vidole yapo nyumbani tele na watoto wanayapenda kuliko daftari. Mpe donge la unga wa chapati akande. Mpe mahindi makavu apukuchue, karanga abambue maganda, mchele achambue na bibi. Atunge shanga kwenye uzi, afunge vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama mtachelewa kidogo, afue soksi zake na leso aikamue mpaka maji yatoke. Abane nguo kwenye kamba kwa vibanio. Kazi hizi ndio zinaimarisha vidole vitatu vile vinavyokuja kushika penseli, na ndio maana watoto waliolelewa na bibi wakitumwa tumwa kazi ndogo ndogo mara nyingi mkono wao unakuwa mwepesi. Baadae unamuandikisha kwa kidole mchangani, au unamwaga unga kidogo kwenye sinia anachora humo, akikosea anatikisa sinia inafutika. Chaki sakafuni. Kuti ama kijiti uwanjani. Herufi kubwa kubwa kwa mkono mzima kwanza, ndogo kwenye mstari zinakuja baadae kabisa.

Kama mtoto wako anatumia mkono wa kushoto, MWACHE. Najua mila zetu kwenye kula na kupeana vitu, hayo mfundishe kama mnavyoona wenyewe, lakini penseli mwache aishike kwa mkono ule ambao ubongo wake umeuchagua. Mgeuzie daftari kidogo liinamie kulia, asikae upande ambao kiwiko chake kinagongana na cha mwenzake kwenye dawati, inatosha. Nimewaona watoto wamefungwa mkono kwa kitambaa na bado naumia nikikumbuka.

Tukifika kwenye herufi zenyewe kuna tatizo moja kubwa naliona kwa watoto wanaoanzia shule za kiingereza halafu nyumbani wanafundishwa kusoma kiswahili. Kwa kiingereza A inaitwa ei, E inaitwa ii, I inaitwa ai. Sasa mtoto huyo huyo jioni unamwambia e ni e na i ni i, maskini kichwa chake kinazunguka, maana kile anachokiita ii shuleni ndio e ya mama. Nimeona mtoto kaandika BB akasema ni bibi, na ukimfikiria vizuri ana haki kabisa, kaambiwa B ni bii, bii mbili ni bibi. Suluhisho ni kumfundisha SAUTI ya herufi na sio jina lake. M ni mmm unafunga midomo. S ni sss. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulivyobadilishwa 2015 ili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, itangulie, sauti za herufi zilipewa uzito, kwahiyo ukimfundisha nyumbani kwa sauti utakuwa unaenda pamoja na mwalimu wake.

Na sisi tuna bahati kubwa, kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, irabu tano na kila moja ina sauti yake haibadiliki popote uendapo. Huna haja ya kuanza a mpaka z kwa mpangilio, kwanza q na x hatuna na c peke yake haina kazi mpaka ipate h. Anza na chache zinazotengeneza maneno. Mpe a, i, u, m na b tu. Kwa hizo tano anaandika mama, baba, babu, bibi, mimi, imba, mbu. Maneno saba yote anayajua, yote ana la kusema juu yake! Ukimuongezea t anapata tatu, ati, mti, bata, na tabia pia. Mtoto akigundua kwamba hizi alama zinaandika BIBI YAKE, mwenyewe anakufuata na daftari.

Silabi zipigieni makofi. m-to-to makofi matatu, m-bu mawili, e-mbe mawili. Watoto wengi wakianza wanaruka m na n zinazotangulia herufi nyingine, embe wanaandika ebe, ng'ombe wanaandika gobe, kwenda wanaandika kweda. Usimwambie kakosea ukaishia hapo, mwambie sema polepole em-be, midomo imefanya nini kabla ya b? Imejifunga. Basi kuna mmm imejificha hapo. Anaisikia, anaiongeza mwenyewe. Zile za herufi mbili sauti moja, sh, ch, ny, th, dh, na ng' yenye kialama chake juu, zisubiri mpaka za mwanzo zimekaa. Kuchanganya b na d ni kawaida kabisa mpaka huko miaka saba hivi, ikipita hapo ndio uanze kufuatilia.

Wazazi wa pwani mtanielewa kwenye hili, mtoto asubuhi yuko chekechea anaandika kutoka kushoto, mchana yuko chuoni, yaani madrasa, kwa ustadh anaandika alif be te kutoka kulia. Akileta jina lake limeandikwa kinyumenyume usikimbilie kusema ana matatizo. Anajifunza mifumo miwili kwa wakati mmoja na hilo ni jambo kubwa kwa kichwa cha miaka mitano. Muwekee kidoti cha rangi pembeni ya ukurasa upande wa kuanzia, kijani daftari la shule upande wa kushoto, rangi nyingine daftari la chuo upande wa kulia. Baada ya muda hakihitajiki tena.

Sasa hili ndio nalipenda kuliko yote. Kabla mtoto hajaweza kuandika, akusimulie wewe uandike. Kaa naye na karatasi, mwambie niambie hadithi yoyote au mwandikie shangazi, halafu andika vile vile anavyosema, usimrembeshee, kama kasema "paka alikuja akala samaki wa mama mama akasema toka" andika hivyo hivyo huku anaangalia mkono wako unavyokwenda. Ukimaliza msomee huku kidole kinafuata maneno. Macho yanavyomtoka! Anagundua kwamba yale aliyoyasema yamekaa kwenye karatasi hayajapotea, na kesho ukimsomea yanarudi vile vile neno kwa neno. Mwambie achore picha hapo chini na aandike jina lake. Baadae anaanza kukunyang'anya kalamu anataka kuandika neno moja moja mwenyewe, mwachie. Mwanzoni itakuwa michoro michoro tu, halafu herufi za jina lake zimetapakaa, halafu zinaanza kufanana na sauti. Akikuletea "nataka kweda kwa bibi" jambo la kwanza jibu ujumbe, eeh unataka kwenda kwa bibi, twende lini? Halafu chini yake wewe andika sentensi ile ile sawasawa, aione. Kalamu nyekundu hapa haina nafasi.

Mpe na sababu ya kuandika. Ukitaka kumtuma dukani mpe karatasi aandike orodha, mafuta, chumvi, kiberiti. Ataandika chuvi, atapeleka, na mangi atasoma atampa chumvi. Kwa mtoto hilo ni tukio kubwa, kaandika kitu na mtu mwingine kakielewa. Na usomaji upo nyumba nzima, pakiti ya unga, vibao vya mitaa, maneno nyuma ya bajaji, na kanga zetu. Jina la kanga mara nyingi linaandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri, na mtoto amelilalia toka yuko mchanga. Wangu walijulia herufi nyingi kwenye kanga zangu, tuko tumekaa barazani ananishika pindo anauliza hii inasema nini mama, namuonyesha W, E, M, A, anarudi kesho anaitafuta W kwenye kanga ya shangazi yake.

Vitabu vinasaidia sana sana na najua bei zake. Mradi wa vitabu vya watoto Tanzania upo toka 1991 na umetoa vitabu vingi vya kiswahili vya watoto, ulizia shuleni kwenu kama wanavyo. African Storybook wana hadithi za bure mtandaoni na za kiswahili zipo nyingi, unafungua kwenye simu unamsomea. Ukiwa Dar, maktaba kuu ya taifa pale barabara ya Bibi Titi ina sehemu ya watoto, na maktaba za mikoa nazo zipo, tuziingie. Kitabu kimoja kikisomwa mara nyingi ni bora kuliko kumi vilivyosomwa mara moja, akikwambia nisomee tena kile kile msomee tena, hapo ndio anayashika maneno. Katuni za kwenye simu sizikatazi ila kwa mtoto wa chini ya miaka miwili hazifundishi kuongea, maana katuni haimsubiri ajibu.

Kwa walimu wenzangu wa awali najua mnavyobanwa, darasa limejaa, wazazi wanataka kuona daftari limejaa, mwenye shule anataka wazazi waridhike. Mzazi, ukienda kumchukua mtoto acha kuuliza leo ameandika nini. Muulize ticha leo ameongea nini, amesimulia nini, kacheza na nani. Tukibadilisha maswali yetu na wao watapata nafasi ya kufundisha wanavyojua wao.

Na la mwisho ni kwa wale ambao wamesoma hapa wakawa na wasiwasi kwa watoto wao. Kama amefika miaka miwili na hana maneno, au anaongea lakini hata nyie wa nyumbani hamumuelewi akiwa na mitatu, au alikuwa anaongea akaacha, au ukimuita kwa nyuma hageuki, usikubali kuambiwa subiri tu hata baba yake alichelewa. Cha kwanza ni masikio. Kuna watoto wana usaha sikioni mara kwa mara, au maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio na kwa nje huoni kitu, hawasikii vizuri na tunawaita wakaidi. Mpeleke kliniki uwaambie wazi kwamba unataka apimwe usikivu, ulizia hospitali ya mkoa au ya rufaa yenye kitengo cha masikio pua na koo, na ukiona mtu anakupuuza nenda kwingine, mapema inavyowezekana.